Yai la Kamanda

Juzi msomaji mmoja alinisimamisha sokoni, mbele ya meza ya vitunguu. "Mzee, ile dari ilikuangukia kweli au unatutungia?" Nikainama nikamwonyesha kovu la utosini. Aliligusa kwa kidole kama anayekagua embe, akasema, "Haya, endelea."

Ninaendelea. Lakini leo naandika huku uso nimeugeuzia ukutani. Mikasa mingine yote niliyowasimulia hapa ilinifuata yenyewe. Huu wa leo niliufuata mimi, tena kwa miguu yangu, tena nikipiga mluzi.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni fundi mstaafu wa dari za jasi, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukageuka maua na mikanda juu ya vichwa vya watu. Nimepamba kumbi ambazo maharusi walisahau kula kiapo kwa kutazama juu. Nikastaafu kwa heshima. Kisha dari ya chumba changu mwenyewe, niliyoipiga kwa mikono hii hii, ikanishukia nikiwa nimelala.

Mwanangu akanipeleka kwa mkwe mwenzangu, mama mzazi wa mke wake, mjane anayeishi peke yake. Akanipa chumba cha uani.

"Kaa mkwe, hata mpaka mbingu ishuke."

"Ishuke tena?"

Alicheka mpaka akashika mlango.

Huyu mkwe alifanya kazi maisha yake yote katika kliniki ya meno, chumba cha nyuma, akitengeneza meno ya bandia. Nusu ya wazee wa mtaa wanatafuna kwa kazi ya mikono yake. Hata meno yangu ya juu, yaliyokuwa yakicheza kama mlango usio na bawaba, alinitengenezea upya bila kuombwa.

Sasa fikiria. Mwanamume mzima, unakula kwa mkweo, unalala kwa mkweo, hata meno unayotafunia chakula chake ni yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na pale hapakuwa na jembe. Nikatafuta kitu cha kunipa uzito.

Nikapata uongo.

Kwenye kibanda cha kinyozi nikasema kwamba ujanani niliwahi kutunza ndege wa tajiri mmoja, vizimba kutoka hapa mpaka kule, na kwamba nilikuwa nikiwatenga madume na majike gizani, kwa kuwapapasa tu. Kinyozi alizima mashine yake ili asikie vizuri. Siku hiyo hiyo akanibatiza Profesa. Nilipofika nyumbani, jina lilikuwa limeshafika.

Na nyumbani, wasomaji wangu, palikuwa na Kamanda.

Kamanda ni kasuku mdogo, wale wa kijani wenye kichwa cha manjano, wasiozidi kiganja. Kizimba chake kilining'inia dirishani sebuleni. Mlango ukibishwa tu, yeye hudakia, "Karibu ndani!" Wageni wengi wamefuta miguu na kumsalimia mwenye nyumba kumbe hayupo.

Asubuhi moja mkwe akaniita.

"Mkwe, hebu njoo umtazame Kamanda. Pua yake imebadilika."

Alimaanisha ile nyama laini iliyo juu ya mdomo, yenye vitundu viwili. Nikavaa miwani. Ilikuwa ya kahawia, imeanza kukauka kama ganda la karanga.

Hapo nikakumbuka neno la kinyozi, ambaye binamu yake huuza ndege: pua ya buluu dume, pua ya kahawia jike. Ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nimeipata nikiwa na povu masikioni.

Nikakizunguka kizimba. Nikampulizia manyoya. Nikagonga waya kwa ukucha, nikatega sikio kama daktari.

"Mkwe, nani alikwambia huyu ni dume?"

"Aliyeniuzia. Na pua ilikuwa buluu."

"Alikudanganya. Huyu ni jike."

"Jike? Mkwe, huyu nimekaa naye miaka. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunulia kitambaa. Pua yake ilikuwa buluu kama wino!"

"Pazia lako la dirishani ni la rangi gani?"

Akageuka kulitazama. "Buluu."

"Ehee," nikasema, na nikakunja mikono kifuani.

"Lakini anaongea. Nimesikia majike hayaongei sana."

"Mkwe wangu, wewe umewahi kuona jike lisiloongea?"

Akacheka. Halafu kicheko kikamfia mdomoni. Akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, akasogea mpaka pua yake ikagusa waya.

"Basi labda ni macho yangu," akasema polepole. "Uzee huu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: la, mkwe, macho yako ni mazima, mimi ndiye sijui kitu.

Nikasema, "Macho nayo yana umri wake."

Ninaona aibu ya mengi maishani. Nimewahi kulipaka jasi kochi la watu. Lakini mwanamke mwenye akili zake timamu kumfanya asiyaamini macho yake, tena kwa ajili ya kulinda jina nililopewa na kinyozi! Hiyo ni aibu isiyooshwa kwa sabuni.

Mkwe akampigia simu binti yake, mkamwana wangu. "Mwanangu, wajua nini? Kamanda ni jike!"

Jumapili wakaja wote.

Nieleze kidogo. Kabla ya hapo mwanangu na mkewe walikuwa wakija mara moja moja, wakisalimia wamesimama, funguo za gari mkononi zikilia kama kengele ya shule. "Mama hujambo, mama twakimbia." Siku hiyo walikaa. Wajukuu wakapiga magoti mbele ya kizimba, wakampa jina jipya, Bi Kamanda. Majirani nao wakaingia. Mkwe akalazimika kuazima viti kwa jirani, na akaoka mkate mpaka jasho likamtiririka, uso umemwaka kwa furaha.

"Baba, atataga?" akauliza mkamwana.

"Akipata kisanduku, atataga."

"Bila dume?"

"Kuku anamngoja jogoo ndipo atage?"

Watu wakasema, "Eheee!" Nikaunda kisanduku cha mbao, nikakitundika ndani ya kizimba. Tukaanza kungoja.

Tukangoja. Tumbo la Kamanda likaanza kujaa, nikalionyesha kwa kidole: "Mnaona? Mnaona mambo hayo?" Lakini yai, wapi! Jumapili iliyofuata wakaja wachache. Nyingine wakaja wachache zaidi. Funguo zikaanza tena kulia mkononi. Viti vya jirani vikabaki vimepangwa ukutani kama watu waliokosa basi.

Kinyozi akanivaa mbele ya wateja.

"Profesa! Yai liko wapi?"

"Linakuja."

"Linatoka nchi gani? Au limezuiwa mpakani?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hata aliyekuwa ananyolewa shingo alicheka, na huyo alikuwa chini ya wembe.

Hayo ningeyameza. Kilichonisukuma ni mwanangu. Alinivuta pembeni uani.

"Baba, kama huna hakika na huyo ndege, sema tu. Hakuna atakayekucheka."

"Kwani nini?"

"Mama anataka kwenda kupimwa macho. Anasema amekuwa akiona buluu mahali pasipo na buluu. Ana hofu anapofuka."

Wasomaji, mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi, tena mwanangu ameushikilia kwa mkono wake mwenyewe. Nikaufunga.

"Ni jike, mwanangu. Kesho kutwa utaona."

Mdomo ulinitangulia, na mimi nikaanza kuukimbilia.

Nilichukua kipande cha sabuni, nikakikata katikati, nikakichimba kila upande shimo dogo la mviringo. Nikakoroga jasi, laini kama uji wa mtoto, nikaimimina, nikavifunga vipande pamoja. Ilipokauka nikaipasua sabuni. Nikakisugua kile kidude kwa ubavu wa kiberiti, mpaka kikawa cheupe, kidogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

Mnisamehe, lakini lilikuwa yai zuri. Kuku yeyote angelisingizia kuwa ni lake.

Mkwe alipokuwa uani anaanika nguo, nikaliweka ndani ya kisanduku. Kamanda akalitazama, akanitazama mimi, akageukia ukutani. Nilifikiri ni haya za uzazi.

Mkwe ndiye aliyelikuta. Nilimsikia akiguna, nikaja mbio nikiwa nimejiandaa kushangaa.

Alikuwa amelishika kwa vidole viwili. Alilitazama. Akalipima uzito kiganjani. Akalipitishia ukucha ubavuni, taratibu, pale sabuni zilipokutana. Kisha akaninyanyulia macho, akanitazama kwa muda mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya shati langu.

"Mkwe," akasema. "Kweli wewe ni Profesa."

Akalirudisha kisandukuni, akaenda kupiga simu.

Nyumba ikafurika tena! Wajukuu, majirani, kinyozi na kofia yake mkononi akiniomba radhi mbele za watu. Mkwe akaoka tena. Kila mtu akanipa mkono. Nami nilikula ule mkate, na kila tonge lilishuka kama mchanga.

Habari za kupimwa macho hazikutajwa tena. Nikajiambia, basi, hakuna aliyeumia.

Lakini yai la jasi haliatamiwi likaanguliwa. Siku zikapita, watu wakachoka kutazama yai lisilobadilika. Jumapili moja hakuja mtu kabisa, mkwe akala mkate wa jana peke yake karibu na dirisha. Na Kamanda akazidi kuvimba tumbo. Akaacha mluzi. Nikimwona amejikunyata nasema, "Anatunga la pili."

Sasa tumefika siku yenyewe.

Nilikuwa kwa kinyozi, nikiwasimulia jinsi nilivyowahi kumzalisha mbuni. Niliporudi mchana, kinyozi akiwa nyuma yangu na kitana mfukoni maana alitaka kumwona Kamanda, huyo mama mzazi, nikakuta gari la mwanangu nje na sebule imejaa. Wakwe, wajukuu, majirani, viti vyote vina watu.

Mwanangu akanipokea mlangoni.

"Hongera, Baba. Ila mambo si mazuri."

"Hongera ya nini?"

Mkamwana aliita, "Baba, njoo haraka!"

Kamanda alikuwa sakafuni mwa kizimba. Amejitutumua manyoya kama mpira, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, macho yamefumba nusu. Mkwe amepiga magoti mbele yake, mikono imeshika waya.

"Tumekuja kwa furaha, tumekuta hivi," mkamwana akasema. "Nimemwita daktari wa mifugo."

Mlango ukabishwa.

Hakuna aliyeinuka. Sote tulitulia tukimngoja Kamanda aseme "Karibu ndani", kama anavyosema siku zote. Hakusema. Mlango ukabishwa mara ya pili, na mkwe akafunika uso.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, viatu vina tope la zizini. Alimchukua Kamanda ndani ya taulo, akampapasa tumbo kwa kidole kimoja, akanyanyua kichwa.

"Huyu ni jike au dume?"

Sebule nzima ikanigeukia.

"Jike," kinyozi akanijibia. "Profesa alishathibitisha. Amepitisha ndege wengi mkononi huyu."

"Pua yake ilikuwa rangi gani mwanzoni?" daktari akauliza.

Mkwe akageuza uso dirishani. "Nilikuwa naiona buluu, daktari. Lakini nimeambiwa lilikuwa pazia."

"Pazia?"

Daktari akalitazama pazia. Akamtazama mkwe. Akanitazama mimi.

"Amewahi kutaga?"

"Ametaga!" mkamwana akasema kwa fahari.

"Hakika?"

"Wote tumeliona yai."

Daktari akashusha pumzi. "Nisikilizeni vizuri, maana ndege mdogo hivi hapewi nafasi mbili. Kama ni jike na ametaga, basi tumboni kuna yai limekwama. Namchoma dawa ya kulisukuma. Lakini kama alikuwa na pua ya buluu ikageuka kahawia, hilo si jike. Ni dume, na ana uvimbe ndani, ndio unaobadilisha rangi. Nikimpa huyo dawa ya kusukuma yai, moyo wake hautahimili. Dawa yake ni nyingine."

"Ametaga, daktari," mkamwana akarudia. "Mchome ya yai."

Daktari akafungua mkoba, akatoa kichupa, akavuta dawa ndani ya sindano.

Nikamwangalia mkwe. Nilidhani atasema neno. Hakusema. Alikuwa ananitazama mimi, macho yanangoja. Yalikuwa yakiniambia: wewe ndiye uliyeanza.

Sindano ikasogea.

"Daktari, subiri."

Sauti ilitoka nyembamba, nusura nigeuke kutafuta mwenyewe.

"Baba, nini?"

"Hajataga. Lile yai nililiweka mimi. Ni la jasi."

Kinyozi akacheka, "Profesa bwana!" Kisha akaona uso wangu, kicheko kikakatika kama umeme.

"Nilitengeneza kwenye sabuni. Na pua ilikuwa buluu. Mkwe alisema tangu mwanzo kwamba ni buluu, nikamwambia ni pazia. Macho yake hayana kasoro. Sikujua kitu. Nilibahatisha tu."

"Baba," mwanangu akasema. Nimewahi kutukanwa na mafundi wa kila aina, lakini hakuna tusi lililowahi kunipiga kama lile "Baba" lake. Nilitamani hata ile dari inishukie tena, tena yote.

Daktari alikuwa ameishusha sindano. "Ulilitengeneza lipi?"

"Lile yai."

"Ndiyo, lipi? Naona kisandukuni yako mawili."

"Mawili?"

"La pili lilitagwa jana," mkamwana akasema kwa sauti iliyoanza kupotea. "Ndiyo maana tumekuja leo. Mama alitupigia. Baba, hujui?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Moyo ukaniruka, nikataka kucheka. Kumbe ametaga kweli! Kumbe ni jike, kumbe nilibahatisha nikapatia, kumbe nimejianika bure mbele ya wakwe!

Mkwe akainuka. Akaingiza mkono kwenye kisanduku, akayatoa yote mawili, akayaweka juu ya kitambaa cha meza. Hakumtazama mtu.

La kwanza lilikuwa langu, nililijua kwa ule mstari wa sabuni ubavuni. Lililokuwa kando yake lilikuwa zuri kuliko langu. Mviringo hauna dosari, limesuguliwa likang'aa. Daktari akaligonga kwa ukucha.

Tik.

Mayai hayalii hivyo. Na jasi yangu hailii hivyo. Jasi ya dari hutoa mlio butu, tena huacha vumbi. Hili lilikuwa gumu na baridi, limeng'arishwa kwa subira. Nikabaki nalitazama, na bila kutaka ulimi wangu ukapanda ukagusa meno yangu ya juu.

Ulaini ule ule wa meno aliyonitengenezea.

Nikamgeukia mkwe.

"La pili ni langu, daktari," akasema. "Ndege ni dume. Mpe dawa ya dume."

"Mama!" mkamwana akasimama. "Ulijua?"

"Nimechanganya plasta ya meno, nayo ni jasi, tangu hujazaliwa. Nililijua nilipolishika. Nilijua hata alilitolea kwenye sabuni, lilikuwa linanukia."

Nikataka kuingia chini ya meza. Siku zote zile alinimiminia chai, akanisogezea mkate, akaniita Profesa mbele ya watu, huku anajua. Na mimi nikijiona mjanja.

"Sasa kwa nini hukusema? Kwa nini ukatengeneza lingine?"

Mkwe aliangaza macho kwenye viti, kimoja baada ya kingine, vyote vina watu.

"Jirani alikuja jana kuvichukua viti vyake," akasema. "Nikamwambia aniachie kidogo, bado nina wageni."

Mkamwana alikuwa ameshika funguo za gari mkononi. Aliziangalia kama mtu anayeona kitu kisicho chake, akaziweka mezani pole pole, zisilie.

"Sikujua kwamba anaumwa," mkwe akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yakidondoka kwenye kitambaa. "Nilidhani anaota mwili kwa kukosa kuruka. Kumbe nimekaa nahesabu wageni, mwenzangu anakufa dirishani."

"Mkwe, kosa ni langu," nikasema.

"Lako ni la kwanza," akajibu. "La pili si lako. Usininyang'anye hata hilo."

Daktari alishamwaga ile dawa na kuvuta nyingine.

"Hayo mtayamaliza nikiondoka. Siahidi kitu. Huenda tumechelewa. Lakini lazima nimchome sasa hivi, na siwezi kumshika na kumchoma peke yangu. Kifua kisibanwe hata kidogo, ndege hupumua kwa kifua. Akibanwa anakata roho mkononi. Na asiponyoke, maana sindano ikikosea ndiyo basi. Nani ana mkono uliozoea ndege?"

Mkwe akanyoosha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka mpaka bangili zinalia. Akaiangalia, akairudisha mapajani.

"Mwanangu?" akamwita binti yake.

"Mama, mimi ndege nawaogopa, unajua."

Mwanangu akaangalia sakafu. Kinyozi akarudi nyuma hatua, yeye ambaye kutwa anashika vichwa vya watu.

Mkwe akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa nayo.

"Mshike wewe, mkwe. La yai umekiri, limekwisha. Lakini ndege wa yule tajiri si uliwashika? Vizimba kutoka hapa mpaka kule?"

Wasomaji wangu, kati ya uongo wote nilioutapika mchana ule, huo mmoja ulikuwa umebaki tumboni. Hapakuwa na tajiri. Hapakuwa na vizimba. Tangu nizaliwe sijawahi kushika ndege aliye hai, na mikono yangu ni ya kuminya na kubandika, mikono iliyozoea kitu kisichopumua.

Nikafungua mdomo niseme ukweli wa pili.

Lakini mkwe alikuwa ameshamtoa Kamanda kwenye taulo na kumweka kiganjani mwangu. Alikuwa mwepesi kuliko kipande cha sabuni, wa moto, na moyo wake ulikuwa unanigonga vidoleni kama mtu anayebisha mlango.

"Usimbane," daktari akasema, na akashusha sindano.